Muulize Mama Kontinuiti: Faili lililopotea mara mbili

Tangu filamu yetu ya faili ianze kuonyeshwa, barua zenu zimejaa hadi mhariri ameninunulia boksi la pili. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mama wa Temeke. Nilisomea uhazili Tabora, nikapiga chapa wizarani miaka 18, nikapunguzwa kazi, halafu mpwa wangu akanipeleka kwenye seti ya filamu nikawe naandika nani kashika kikombe kwa mkono gani. Kazi hiyo ndiyo kontinuiti. Filamu yenyewe, kwa ambao hamjaiona, inamhusu karani wa masjala katika nchi isiyotajwa jina, mwaka 1984. Anagundua faili la mkataba wa mafuta halipo rafuni, na kwenye daftari la kutolea mafaili saini iliyopo ni yake yeye. Hakusaini. Basi, hapo ndipo roho za watu zinapoanza kukimbia.

*Shikamoo mama. Mlipataje ruhusa ya kupiga picha ndani ya ofisi ya serikali? Ile korido ni ya wizara gani? Nimefanya usafi maofisini kule Posta miaka sita, nilipoiona nikahisi nitakutana na ndoo yangu. — Mama wa watatu, Tabata Kimanga*

Marahaba mwanangu. Si wizara. Ni ghala Chang'ombe, nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti. Korido nzima ni plaiwudi, mita 11, na ukiisukuma kwa bega inatikisika. Mafundi waliipaka rangi ya mafuta ya kijani mpaka kiunoni, juu krimu, halafu mimi nikawaambia bado. Ukutani pale watu wanapopanga foleni ya kuonana na bosi, rangi huwa imechakaa usawa wa mabega na visigino. Wakanitazama. Nikavua kiatu nikawaonyesha jinsi mtu anavyoegemea ukuta akiwa amesubiri tangu saa mbili asubuhi: mguu mmoja chini, kisigino cha pili ukutani. Wakachukua msasa wakasugua pale pale. Hiyo ndiyo ndoo yako uliyoihisi.

Na kama korido ilikutisha kwa urefu, jua ulidanganywa. Milango inapungua kadiri inavyokwenda. Wa kwanza ni mlango kamili, wa mwisho ungempiga mtu mzima kidevuni. Ndiyo maana humwoni mtu yeyote akisimama karibu nao. Yule mhudumu anayepita kule mwisho na sinia ni mtoto wa jirani, ana miaka kumi, kavalishwa koti la kaki.

Ujanja huu si wetu. Wamarekani walipotengeneza *All the President's Men*, iliyotoka 1976, ya waandishi wawili wa Washington Post waliofukua kashfa ya Watergate, chumba cha habari unachokiona mle si chenyewe. Walikijenga upya studio, Burbank huko California. Walinunua meza karibu 200 za aina ile ile, wakapaka rangi zile zile, kisha wakasafirisha maboksi ya takataka halisi kutoka gazetini ili zijae kwenye meza za studio. Takataka, mama, zilisafirishwa kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine. Filamu ile ikapata Oscar ya mandhari.

Nilipomsimulia dairekta akanituma nami nikatafute takataka. Bahati nzuri ofisi nyingi zilipohamia Dodoma fanicha za zamani ziliuzwa, na mtaani bado zinazunguka. Tulipata makabati manne ya chuma kwa fundi mmoja Keko. Droo moja ilikuwa haifunguki. Ilipofunguka tukakuta pini zilizoshika kutu, karatasi za kaboni zilizotumika mpaka zikawa na matundu, nusu mshumaa, gundi iliyokauka ndani ya chupa yake, na orodha ya mchango wa msiba. Wa kwanza shilingi 50, wa pili 20, wa tatu "ataleta". Majina tuliyafunika, lakini lile neno "ataleta" tuliliacha. Liko nyuma ya kichwa cha mkurugenzi wakati anamwambia karani kwamba nchi hii haina watu wasioaminika.

*Mama, kwa nini nchi ya kubuni? Mliogopa? — Mwanafunzi, Mabibo*

Kidogo, ndiyo. Nisikufiche. Kwetu kupiga filamu kunahitaji kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni Na. 4 ya mwaka 1976, na unapoomba kibali Bodi ya Filamu unaambatanisha na skripti. Ikikamilika, filamu inarudi kukaguliwa na kupangiwa daraja la watazamaji. Kwa hiyo mwandishi wa filamu ya siasa anaandika akijua kuna wasomaji kabla ya watazamaji. Hapo bado kuna sare za majeshi, ambazo huwezi tu kushona kwa fundi wa mtaani ukamvalisha mtu akapita nazo Kariakoo. Zetu tulizibuni: rangi ya udongo, kola ya mviringo, vifungo vya mbao.

Lakini woga si sababu yote. Ukitaja nchi, mtazamaji anaanza kutafuta huyu ni fulani na yule ni fulani, filamu inakuwa chemshabongo. Ukiiacha bila jina anaijaza mwenyewe. Dairekta Costa-Gavras alifanya hivyo kwenye filamu yake *Z* mwaka 1969. Kisa ni cha Ugiriki, mbunge Lambrakis aliyeuawa Thessaloniki mwaka 1963, ila Ugiriki yenyewe wakati huo ilikuwa mikononi mwa wanajeshi, nani angekwenda kupiga kule? Wakapigia Algeria, ikawa ndiyo barabara za Ugiriki, na nchi haitajwi. Halafu mwanzoni wakaandika kwamba ukiona mfanano na watu au matukio ya kweli, si bahati mbaya, wamekusudia. Sisi wengine huandika kinyume chake kwa herufi ndogo. Filamu ikachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni kwa jina la Algeria.

Kilichotusumbua zaidi ni bendera. Wiki tatu! Kila rangi ukiziweka pamoja kuna nchi tayari inazo. Mwisho tukapata ya zambarau na kijivu, mbaya kweli kweli, na dairekta akasema nchi yenye mkataba ule inastahili.

*Mimi ni dereva bajaji. Nilikuwa kwenye ule mkutano wa hadhara wa Waziri. Tulikuwa hatufiki 70, nimeona kwenye filamu tuko maelfu, na nimejiona mara tatu, mara moja nikiwa na kofia ya mke wangu. Mlifanyaje? Halafu mbona sisi tulikula wali maharage na wakubwa kuku? — Mbagala Rangi Tatu*

Mlikuwa 64. Niliwahesabu wakati wa chakula, na la kuku una haki, nililisema siku ile ile na halikufanyiwa kazi.

Sasa sikia. Tulipiga Kigamboni kwa sababu ng'ambo hii kila ukigeuza kamera linaingia ghorofa la vioo, na 1984 hatukuwa na maghorofa ya vioo. Kamera iliwekwa usawa wa mabega yenu. Ingepanda juu, mtazamaji angeona mchanga mtupu nyuma yenu. Lenzi ilikuwa ndefu, ile inayovuta mbali, na kawaida yake ni kuwabananisha watu: aliye mita tano nyuma yako anaonekana anakupumulia kisogoni. Mkapangwa kama kabari, wachache mbele, wengi nyuma, ili pembe zote za picha zijae vichwa. Kisha kamera ikafungwa hapo hapo bila kutikiswa, nyinyi mkahamishwa. Kushoto, piga. Katikati, badilisheni mashati, piga. Kulia, vueni kofia, piga. Edita akazishona picha tatu kuwa moja. Wewe hukubadilisha shati, ulibadilisha kofia tu. Nimeandika kwenye daftari langu: "bwana wa bajaji, shati la mistari, MARA YA TATU".

Sauti ilipigwa baadaye, mkiwa mmechoka, na mtakumbuka mliambiwa mshangilie namna tatu: kwa furaha, kwa kulazimishwa, na kwa njaa. Ile ya njaa ndiyo imetumika filamu nzima. Labda maharage yalisaidia.

Ambacho hukukiona, maana ulikuwa mbele, ni kilichotokea nyuma. Wapita njia walianza kuingia. Mama mmoja akaja kwangu na ndoo kichwani akauliza kanga zinagawiwa wapi. Nikamwambia ni filamu. Akasema, "Haya, ni filamu, kanga ziko wapi?" Mzee mwingine akanyoosha mkono akapewa nafasi na mwigizaji wetu pale jukwaani, kwa heshima tu, akaeleza kwa urefu habari ya kisima kilichoharibika mtaani kwao. Mwigizaji, kwa kuwa alikuwa bado ndani ya uhusika, akajibu kwamba suala hilo limepokelewa na litashughulikiwa ndani ya siku 90. Watu wakapiga makofi. Kamera ilikuwa inazunguka! Dairekta aliikata kwenye filamu kwa sababu haikuhusu hadithi, na mimi sijamsamehe. Ninavyosikia, kuna mtaa Kigamboni mpaka leo unahesabu siku.

*Bunduki zilikuwa za kweli? — Kijana wa Magomeni*

Hapana. Za mbao na mpira, na moto wa mdomoni umewekwa na kompyuta. Hata risasi baridi hatukuzitaka. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee alikufa kwa bunduki ya seti, na 2021 mpiga picha Halyna Hutchins akauawa kwenye seti huko New Mexico. Kwa mlio mmoja ulioko kwenye filamu yetu nisingekubali mtoto wa mtu asirudi kwao.

*Mbona kwa Waziri hakuna hata televisheni? — Sinza*

1984, mwanangu. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, huku Bara televisheni yetu ya kwanza ilianza 1994. Nchi ni ya kubuni, lakini mwandishi wa skripti alikulia Ilala, na kwao palikuwa na redio iliyovalishwa kitambaa cha kufuma. Redio ya Waziri nayo imevalishwa. Nilikifuma mimi.

*Tunapiga filamu fupi kwa simu, hadithi ya rushwa, kwenye ofisi ya baba yake rafiki yangu. Taa za tyubu zinaonekana kama zina mistari inayopanda. Nini? — Kikundi cha vijana, Kinyerezi*

Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kila sekunde, kwa hiyo tyubu inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, simu inaona. Simu nyingi zinakuja zimepangwa fremu 30, yaani picha 30 kila sekunde, na shata, ule muda kila picha inapopokea mwanga, inajichagulia yenyewe. Pakueni programu ya kamera inayowaruhusu kupanga wenyewe: fremu 25, shata 1/50. Mistari itaondoka. Kama bado ipo, zimeni tyubu mfungue dirisha. Mtoa rushwa anapendeza zaidi akipigwa na mwanga wa upande mmoja.

*Glasi ya chai ya Mkurugenzi imejaa, halafu nusu, halafu imejaa tena. Nimekukamata! — Mama Lishe, Buguruni*

Hujanikamata. Angalia tena, nyuma ya bega la karani anapita mhudumu na birika. Kamimina. Nilimwomba dairekta amweke pale kwa sababu nilijua wewe upo.

Glasi ile ndiyo niliyoiota usiku. Sini ni ya dakika sita, Mkurugenzi anamhoji karani bila kupandisha sauti, na kila anapotaka kumwogopesha anakunywa funda. Tuliirudia mara 19. Kwenye glasi nilibandika nyuzi nne nyembamba za gundi ya uwazi upande usioonekana na kamera: hapa kabla ya "habari za nyumbani", hapa baada ya "mkeo yuko wapi siku hizi", hapa na hapa. Kila tukirudia, natoka na birika naijaza mpaka uzi wa juu, nafuta mdomo wa glasi, naigeuza mpini… samahani, glasi haina mpini, ila ilikuwa na ufa mdogo karibu na kitako, huo ndio nilioutumia kujua upande. Mwigizaji ana kisukari, hivyo chai haikuwa na sukari wala maziwa, na kufikia mara ya 12 uso wake ulikuwa umeanza kuchukia chai kwelikweli. Chuki ile mnaiona kwenye filamu mkidhani ni ya kumchukia karani.

*Sauti za filamu za kwetu huwa zinanikera, yenu ilikuwa safi isipokuwa ile simu ya usiku, maneno hayaendani na midomo. Nani alilala? — Fundi redio, Kariakoo*

Hakuna aliyelala, na hilo ndilo tatizo. Kunguru hawakulala.

Wewe uko Kariakoo unawajua. Wale weusi wenye shingo ya kijivu, wageni waliotoka India, waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasafishe mji, wakavuka, na leo Dar ni yao. Mpiga sauti anaweza kuizuia genereta kwa magodoro. Anaweza kuongea na fundi wa mageti akampa hela ya soda asitishe kugonga nyundo nusu saa. Adhana tunaijua saa zake, tunapanga kuizunguka, na kwa kweli ile ya magharibi imetufaa, maana hapa jua likizama halikusubiri, ndani ya nusu saa ni giza, na adhana ndiyo ilikuwa kengele yetu ya kuwahi picha ya mwisho. Kunguru hana ratiba. Anasikia neno "akshen" anajibu.

Tulikuwa chini ya bati moja kwa moja, ghala halina dari. Mmoja alikuwa anatua, anatembea. Anatembea! Kucha kwenye bati, kra, kra, kra, kutoka upande wa masjala mpaka ofisi ya Waziri. Mwigizaji wetu wa kike yuko chini na mkono wa simu, anapokea habari kwamba kaka yake hakufika nyumbani, machozi yamekuja yenyewe, ya kweli, na juu anapita huyo bwana. Mpiga sauti akavua vifaa vya masikioni akavilaza mezani kama mtu anayelaza mtoto. Dairekta akauliza turudie? Dada akasema machozi hayarudii.

Kwa hiyo picha ni ya siku ile, sauti ni ya miezi miwili baadaye, kachumbani kadogo kenye mablanketi ukutani, dada akiangalia midomo yake kwenye skrini na kujifuatisha. Umesikia vizuri, kwenye "alitoka na nani" imepishana. Ila jaribu hili: nenda dakika chache mbele, pale karani anapovuka korido usiku na unasikia kitu kinamfuata juu. Watu wameniandikia wakiuliza ni mtu wa usalama kwenye dari? Ni yule yule kunguru. Mpiga sauti hakufuta chochote.

*Bi Kontinuiti, mimi ni mstaafu wa masjala, miaka 31. Filamu nimeipenda, lakini faili lina kosa. Karani anapolifungua, barua ya mkataba ni folio 14, yaani namba yake ndani ya faili, wino mwekundu, kona ya juu kulia, sawasawa kabisa. Mkurugenzi anapolifungua usiku ule ule imekuwa folio 41, na namba imehamia kona ya kushoto. Kwetu mtu angeandikiwa barua ya kujieleza. Tena kamba ya faili mmeifungia upande usio wake. — Mstaafu, Temeke Wailes*

Shikamoo kaka. Nilikuwa naisubiri barua hii tangu siku ya uzinduzi, ambapo nilisimama ukumbini nikasema kwa sauti, "Eti arobaini na moja!" na mume wangu akanivuta gauni. Ifuatayo ndiyo barua yangu ya kujieleza.

Faili lile lilikuwa na folio 52, na zote nilizipiga chapa mwenyewe kwa taipureta. Si maneno ya kujazia. Dokezo sabili (yale maandishi mafupi ya ndani ya ofisi), barua, majibu ya barua, nakala kwa Katibu Mkuu, muhuri wa SIRI juu na chini. Vijana waliniuliza kwa nini nijisumbue, kamera haisomi. Nikawaambia mwigizaji anasoma. Mtu akitazama karatasi yenye upuuzi macho yake hukaa mahali pamoja. Akisoma kitu cha kweli macho yanatembea, yanarudi mstari, yanasimama. Nikatunga mkasa mzima wa meli ya mafuta inayosubiri bandarini.

Siku ya tisa ya kupiga, kijana wa usafi akatoa maboksi nje. Kesho yake asubuhi faili halipo. Tukajiangalia. Filamu ya faili lililopotea, na faili limepotea. Dairekta alicheka peke yake.

Siku mbili baadaye dereva wetu akanunua karanga pale njia ya kwenda uwanja wa taifa. Akaja anatafuna, ananipa na mimi. Nikapokea kile kikaratasi kilichokunjwa kama pembe, nikamwaga karanga kiganjani, na kidole gumba kikawa kimelalia muhuri mwekundu. SIRI. Chumvi imeingia kwenye herufi. Nikakikunjua: "…Mheshimiwa Waziri asiarifiwe mpaka meli itakapokuwa ime…" na hapo pamechanika.

Nilimfuata muuza karanga mwenyewe, na moyo unanidunda, maana nilishawaza nani mwingine amekunjua karanga zake na kukuta siri za serikali. Nilimkuta kijana mdogo, sinia begani, kopo la mkaa juu yake. Karatasi alinunua kwa kilo. Tisa alishazitumia. Zilizobaki hakuwa amezitumia. Alikuwa amezikunja vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya shati. Hakuniuliza mimi ni nani. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama, kwani meli ilifika?"

Nilimweleza ni filamu. Hakuniamini mara moja. Nilinunua karanga zote za sinia, timu nzima ikala jioni ile, na dairekta akaamuru tangu siku hiyo kila karatasi yetu ichapwe chini kabisa "kwa ajili ya filamu tu". Usiku nikakaa kupiga upya zile tisa, mbu wananimaliza, na asubuhi yake nikaamka na homa. Malaria, siku tatu kitandani.

Sasa kosa langu la kweli ni hili, kaka. Daftari langu la kontinuiti naliandika kwa hatimkato, ule mwandiko wa alama za haraka wa makatibu muhtasi. Tabora walitufundisha vizuri na mkono hauachi. Haraka, safi, na hakuna mtu mwingine kwenye seti anayeweza kusoma hata mstari mmoja. Kijana aliyeshika nafasi yangu akafungua daftari akaona minyoo. Akaogopa kunipigia simu kwa kuwa nimelala. Akakumbuka ana picha ya barua ile kwenye simu yake. Akaifungua, akaona kona yenye wino mwekundu, akanakili kwa uaminifu wote.

Picha ilikuwa ya kujipiga. Amesimama masjala, anatabasamu, barua kaishika kando ya shavu. Uso wake umetoka vizuri, maandishi ya barua ni ukungu, namba tu ndiyo inasomeka. Na wewe unajua kamera ya mbele ya simu nyingine inageuza kila kitu kama kioo. Kumi na nne ikawa arobaini na moja, kulia ikawa kushoto. Mimi niliporudi sini ilishapigwa, mapazia ya ofisi ya Mkurugenzi yameshashushwa na nusu ya ukuta imebomolewa kuwa kituo cha polisi. Edita hakuona, mtu wa kusawazisha rangi za picha hakuona, Bodi hawakuona. Wewe umeona. Kijana nimemfundisha hatimkato, au tuseme ninamfundisha. Anajua "kikombe", "kushoto" na "usijipige picha".

Kuhusu kamba, hapo hatukubaliani. Wizarani kwetu tulifungia hivyo, na bosi wangu wa masjala alikuwa mkali kuliko wewe. Jumamosi nina safari ya Wailes kwa dada yangu, nitapita na faili lenyewe, folio zote isipokuwa zile zilizoondoka na karanga, unionyeshe kwenu mlifungaje. Chai usiimimine kabla sijafika.